Ndiyo Ambayo Hakuisema

Mashine haikusema uongo, na hilo ndilo lililomkera Dk. Atupele Mwambungu kuliko mengine yote. Mashine mbovu angeweza kupambana nayo. Hata hakimu aliyekula rushwa angeweza kupambana naye. Lakini pale alipoketi, benchi la nyuma kabisa mahakamani, aliona kwa macho yake taa ya Kipimo ikiwaka kijani, na alijua kijani ile ni halali. Ombeni Kileo, mtunza stoo wa hospitali, akiwa na kofia ya shaba kichwani na jasho likimtiririka shavuni, alikuwa anakumbuka kwa moyo wake wote kwamba muuguzi Nambua Mshana alimwambia ndiyo.

Kila mtu nchini alizijua taa za Kipimo kama anavyozijua taa za barabarani. Nyekundu, mtu anatunga. Njano, anasimulia alichokiona kwenye filamu au alichohadithiwa. Kijani, anakumbuka alichokiishi.

Nambua naye alivalishwa kofia ile. Alieleza jinsi alivyofuata mashuka stoo, jinsi mlango ulivyofungwa nyuma yake, jinsi alivyosema hapana, kisha akapiga kelele, kisha akazibwa mdomo. Taa ikawaka kijani.

Hakimu alizitazama taa zote mbili, akavua miwani.

"Palipo na kumbukumbu mbili za kweli zinazopingana," alisema, "sheria humwachia mshtakiwa. Ombeni Kileo, uko huru."

"Huru?" Nambua aliruka kutoka kwenye kiti cha mashahidi. "Sikukubali! Halikutokea hivyo! Mheshimiwa, sikusema ndiyo!"

Hakimu aligonga meza mara moja, kisha mara nyingine, na askari wa kike akamshika Nambua mkono kwa upole wa kuudhi. Ombeni alimpita karibu akielekea mlangoni. Hakumcheka, wala hakumdhihaki. Alimtazama kama mume anavyomtazama mke aliyenuna, akasema kwa sauti ya chini, "Mbona umenigeuka hivi, Nambua? Mimi nilikukosea nini?"

Atupele alitoka nje, akasimama kwenye bustani ya maua ya mahakama. Siku ile haikuwa mara yake ya kwanza kuiona sura ya Ombeni.

*

Nambua alimfuata chuoni kabla wiki haijaisha. Maabara ya Atupele ilikuwa ghorofa ya juu, yenye madirisha yanayotazama mashamba ya zabibu na mitambo ya jua iliyotanda hadi upeo wa macho. Nambua hakutazama dirishani. Alisimama katikati ya chumba, mkoba kifuani, kama mtu aliyekuja kudai mtoto wake.

"Shikamoo, daktari. Sikuja kukaa. Ombeni alikuwa akitutambia kazini kwamba anapimwa ubongo chuo kikuu. Alikuwa anapimwa na wewe?"

"Marahaba, mdogo wangu. Siruhusiwi kukwambia nani yumo kwenye utafiti wangu na nani hayumo."

"Basi umeshaniambia."

Nambua akavuta pumzi.

"Alikuwa anavaa njozi?"

Swali hilo lisingekuwa na maana miaka kumi na tano iliyopita. Picha za ngono zilikuwa kwenye simu, za watu wasiojulikana, na watu walibishana kuzihusu kanisani, msikitini na redioni mpaka wakachoka. Kisha kampuni ya Lulu Anga ikaleta utepe, ngozi nyembamba inayobandikwa nyuma ya sikio. Utepe hauonyeshi picha. Unasoma tamaa ya mvaaji na kumjengea njozi humo humo kichwani, yenye joto, harufu na sauti. Nyuso haziazimwi kwa waigizaji. Zinachotwa kwenye kumbukumbu za mvaaji: jirani, bosi, shemeji, muuguzi wa zamu ya asubuhi. Vijana walilipatia jambo hilo neno lao. Ukimtumia mtu katika njozi yako, umemvaa.

"Nieleze kama unavyowaeleza wanafunzi wako," Nambua alisema. "Mimi nalaza watu kwa dawa ili wapasuliwe. Siyo mjinga."

"Sijasema wewe mjinga." Atupele alivuta kiti lakini naye hakukaa. "Ukiona filamu, ubongo unaipiga muhuri: hiki nilikiona, hakikunipata. Ndiyo maana Kipimo kinaiwashia njano. Njozi nazo, matoleo ya kwanza, zilikuwa na muhuri huo. Wateja wakalalamika. Walisema ni baridi, hazishiki. Lulu Anga wakatoa toleo jipya, watu wakalipenda kuliko chakula. Kwenye maabara yangu nimeona kwa nini. Muhuri umeondolewa. Mtu akiirudia njozi ile ile mara nyingi, ubongo wake unaiweka pamoja na harusi yake, na msiba wa baba yake, na kila kitu alichokiishi."

"Kwa hiyo Ombeni alinivaa."

"Sikusema—"

"Alinivaa mpaka akaamini. Alipofunga mlango wa stoo, kwake ilikuwa si mara ya kwanza." Sauti ya Nambua ilikatika, ikarudi ikiwa kali zaidi. "Na nyinyi mlirekodi. Mnayo njozi yake, ya kabla ya siku ile. Ipeleke mahakamani!"

Hapo ndipo Atupele alipokaa. Ni kweli, alikuwa nayo. Aliiona miezi kabla ya tukio, wakati sura ya yule mwanamke ilikuwa kwake sura tu, isiyo na jina. Alikuwa nayo, na alikuwa ameapa. Kila aliyejitolea kichwa chake aliahidiwa kwamba kilichomo hakitatoka, hata kwa amri ya mahakama. Bila ahadi hiyo hakuna ambaye angekuja. Walikuja wachungaji na makahaba. Alikuja mama mmoja mjane, mwalimu mstaafu, aliyemvaa marehemu mumewe kila jioni, wakiwa wamekaa tu, wakimenya karanga. Na bungeni kulikuwa na muswada wa Vichwa Safi, uliotaka polisi wapewe funguo za kila kichwa kilichowahi kubandikwa utepe. Waliouandika walikuwa wanangoja mtafiti mmoja tu avunje kiapo.

Alimweleza Nambua hayo yote. Aliyaeleza vizuri, kwa utaratibu, na kadiri alivyoyaeleza vizuri ndivyo alivyojichukia.

Nambua alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo," alisema, "siri ya aliyenibaka ni nzito kuliko mwili wangu."

"Nambua, si hivyo—"

"Nitajie basi ni vipi."

Nambua aliondoka, akauacha mlango wazi.

*

Tume ya Njozi, iliyoundwa na serikali kuuchunguza utepe, iliketi katika ukumbi wa mikutano mjini Dodoma, chini ya Jaji Mgeni Faki, mwanamke wa Pemba mwenye sauti ndogo ambayo watu wazima waliinamisha vichwa kuisikia. Nje ya ukumbi kulikuwa na makundi mawili na uzio kati yao. Upande mmoja waliimba nyimbo za dini na kuinua mabango: VICHWA SAFI, NDOA SAFI. Upande wa pili vijana walipiga ngoma za plastiki: KICHWA CHANGU, UHURU WANGU. Atupele alipita katikati, akazomewa na wote wawili.

Walikuwa na sababu. Matokeo ya utafiti wake hayakumpendeza mtu. Alisimama mbele ya Tume akasema kwamba wengi wa wavaaji hawakuwa wabaya kuliko majirani zao wasiovaa. Walivaa, wakavua, wakaenda kupika ugali. Upande wa Lulu Anga ukapiga makofi. Kisha akasema kwamba njozi zenye nyuso za watu halisi, zikirudiwa, zinazaa kumbukumbu za uongo ambazo mwenyewe hawezi kuzitofautisha, na kwamba wanawake kadhaa tayari wameumizwa. Upande wa Vichwa Safi ukapiga makofi. Hakuna aliyepiga makofi mara zote mbili.

"Ushahidi wako ni nini?" aliuliza Mhandisi Kasian Haule. Huyu ndiye aliyeusanifu utepe, mtu wa Songea, mrefu, mwenye suti ya rangi ya udongo na tabasamu la mtu asiyewahi kusubiri foleni. "Vichwa vya watu usioweza kuwataja, vyenye siri usizoweza kuzifungua. Daktari, kwetu hiyo inaitwa hadithi. Sisi tunasema njozi hutoa njano. Siku zote."

"Matoleo ya kwanza, ndiyo. Kwa nini mliondoa muhuri?"

"Tuliboresha bidhaa."

"Mlijua kitakachotokea?"

"Mheshimiwa Jaji," Kasian alimgeukia mwenyekiti, "naomba tuongee kama watu wazima. Picha iliyo kichwani mwa mtu haimuumizi mwingine. Haimshiki, haimvui nguo. Hata mimi hapa, anayetaka kunivaa na anivae! Nivaeni mnavyotaka, sitahisi hata mbu."

Ukumbi ulicheka. Wajumbe wawili wa Tume walicheka pia. Nyuma yake, safu ya wageni, mwanamke mwenye kitenge cha kijivu hakucheka. Atupele hakumjua bado.

Alichokijua ni hasira iliyompanda kutoka miguuni. Mzaha wa Kasian ulimchoma, lakini kilichomuunguza zaidi ni jinsi mzaha ule ulivyomfungulia mlango ambao hakutaka kuuona.

*

Mtu kutamba kwamba hajali si ruhusa ya kumvaa. Atupele alilijua hilo vizuri. Majigambo ukumbini si ndiyo. Alilisema kwa sauti, peke yake, akiwa na utepe kiganjani, na alilisema tena wakati akiubandika nyuma ya sikio. Alikuwa na njia mbili tu za kuonyesha ukweli: kukifungua kichwa cha mtu aliyemwamini, au kukichafua cha kwake. Na cha kwake hakikuweza kuchafuka bila kumchafua mwingine.

Alichagua cha kwake. Hakumshirikisha mtu yeyote chuoni, maana angezuiwa, na wangekuwa na haki ya kumzuia. Alichofanya ni kurekodi kila kipindi mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, na kumkabidhi wakili mmoja rekodi hizo zikiwa zimefungwa kwa lakiri.

Mara ya kwanza alicheka kwa aibu. Njozi ilikuwa imejengwa vizuri mno: Kasian mlangoni kwake, akivua viatu na kuvipanga kando, akisema chumba kinanukia mdalasini. Mara ya pili hakucheka. Wiki zilipopita mambo madogo yalianza kujipenyeza yenyewe, ambayo hakuyaomba: kovu kwenye kidole gumba chake, namna alivyosita kabla ya kujibu. Atupele alimwuliza kama anataka. Akasema ndiyo. Akamwuliza tena. Akasema ndiyo.

Asubuhi moja alikuwa sokoni Majengo anachagua nyanya, na ghafla akamkumbuka. Hakuikumbuka njozi, wala utepe, wala kiti cha maabara. Alimkumbuka yeye, kama unavyomkumbuka mtu aliyeondoka kwako jana, na akapata uchungu kidogo kwamba hajampigia simu.

Aliweka nyanya chini. Akashika ukingo wa meza. Muuzaji akamwuliza, "Vipi mama, sukari imeshuka?" Atupele akatikisa kichwa. Ndani yake alikuwa anamwaza Ombeni Kileo, na kwa mara ya kwanza hasira yake dhidi ya mtu yule ilikosa pa kusimama vizuri, na hilo likamkasirisha zaidi. Ombeni alisikia hapana kwa masikio yake. Alisikia kelele. Akazifuta kwa sababu kichwani alikuwa na kitu kitamu zaidi. Kumbukumbu ya uongo haikumziba masikio. Aliyaziba mwenyewe.

*

Siku ya mwisho ya Tume, Atupele aliomba aletewe Kipimo. Jaji Mgeni Faki aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake.

"Unataka kupima nani, daktari?"

"Mimi mwenyewe, Mheshimiwa."

Kofia ya shaba ilikuwa ya baridi. Nambua alikuwepo, ameketi karibu na mlango. Atupele alimwandikia aje, bila kumwambia kwa nini. Kasian alikuwa mezani pake, mguu juu ya mguu.

"Nina kumbukumbu ya kutoa," Atupele alisema. "Jioni moja, Mhandisi Kasian Haule alikuja nyumbani kwangu. Alivua viatu mlangoni, akavipanga kando. Nilimwuliza kama anataka kubaki. Akasema ndiyo. Nikamwuliza mara ya pili. Akasema ndiyo. Tulilala pamoja."

Taa ilififia, ikapepesa, ikawaka kijani.

Ukumbi ulilipuka. Waandishi walipanda juu ya viti. Kasian alikuwa wima, kiti chake kimeanguka.

"Mwongo! Sijafika kwako! Sipajui hata unapoishi! Mheshimiwa, sikusema ndiyo! Halikutokea!"

"Sema tena, Mhandisi," Atupele alisema. "Polepole. Jaji aandike."

"Halikutokea!"

"Ni kweli. Halikutokea. Nimekuvaa kwa utepe wako mwenyewe, toleo lako bora. Rekodi zote anazo wakili, zikiwa na lakiri. Ni za kichwa changu na naruhusu zifunguliwe. Umeona taa. Uliiambia Tume ni njano siku zote. Sasa nijibu: umeumia au hujaumia? Umehisi mbu?"

Kasian aliigeukia safu ya wageni. Alimtazama mwanamke mwenye kitenge cha kijivu, na uso ukamshuka.

"Uliomba tukuvae," Atupele aliendelea, na sauti ikaanza kumpasuka. "Yeye hakuomba! Kuna mwanamke aliyesema maneno hayo hayo uliyoyasema sasa hivi, kwenye chumba cha mahakama, na akaambiwa anyamaze! Mliondoa muhuri kwa sababu wateja walisikia baridi. Mlijua. Nitazame uniambie hamkujua."

Hakumtazama.

Nambua alisimama. Hakupiga makofi wala kulia. "Mheshimiwa Jaji," alisema, "mimi ndiye. Nilisema halikutokea, nikagongewa meza. Yeye amesema, hakuna aliyegonga."

Jaji Mgeni Faki aliitazama nyundo yake ndogo ya mbao, iliyokuwa imelala mbele yake muda wote ule. Akaisukuma mbali kwa kidole kimoja.

*

Tume ilizuia Kipimo kutumika katika kesi za namna ile, na kesi ya Nambua ikaamriwa isikilizwe upya, mbele ya hakimu mwingine, kwa ushahidi wa kawaida: majeraha, daktari aliyemhudumia, mfagizi aliyesikia kelele na hakuwahi kuitwa. Njozi zenye nyuso za watu walio hai zilipigwa marufuku mpaka mwenye uso aridhie. Muswada wa Vichwa Safi haukupita, wala haukufa. Waliokuwa wakiimba nje waliendelea kuimba.

Chuo kilimsimamisha Atupele kazi. Alimtumia mtu katika jaribio bila ridhaa yake, na alipoulizwa kama ana la kujitetea alisema hana. Nambua alimpigia simu siku hiyo. "Sijakusamehe kwa kuninyima ile rekodi," alisema. "Lakini asante." Akakata.

Aliyekuja nyumbani alikuwa mtu mwingine. Alibisha hodi mchana, akiwa na kitenge kile kile cha kijivu.

"Naitwa Leokadia," alisema. "Mke wa Kasian."

Atupele alimkaribisha ndani. Leokadia alisimama kizingitini kwanza, akatazama sakafu mahali ambapo mtu angeweka viatu.

"Nimeelewa maelezo yako yote, mama. Nimeyasoma mara nyingi. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Lakini taa ilikuwa kijani. Watoto wangu wameiona. Mama mkwe ameiona. Nikimtazama mume wangu usiku naiona. Sasa niambie, mwanamke kwa mwanamke. Yalitokea?"

"Hayakutokea."

"Mbona macho yako yanasema kingine?"

"Kwa sababu nayakumbuka, mama. Nayakumbuka na hayakutokea. Yote mawili ni kweli."

Leokadia alikaza midomo. Ilipofunguka, hasira iliyotoka ilikuwa imekaa sana ndani.

"Kumpiga yeye ulikuwa na haki. Alistahili, na mimi nilimwambia zamani kwamba siku moja atastahili. Lakini mimi je? Ulipomvaa yeye, mimi ulinivaa kwa ruhusa ya nani?"

Mashamba ya zabibu yalikuwa yametulia kabisa ng'ambo ya dirisha. "Hakuna," Atupele alisema. "Hakuna aliyenipa. Nisamehe."

"Sikuja kusamehe. Nimekuja kusikia. Nitazame, uniambie tena."

Atupele alimtazama. Kichwani mwake mtu alikuwa akivua viatu, akivipanga kando, akisema chumba kinanukia mdalasini. Na damu yake yote, na ngozi yake yote, ilisimama upande wa mtu yule.

"Hayakutokea," alisema.

"Tena."

"Hayakutokea."

Alikuwa anasema ukweli, na kila alipousema ulimtoka mdomoni kama uongo.